Fundi Baridi na Jipu la Mkewe

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Fundi Baridi, na jina hilo alilipata kazini, kwa sababu gari lililopita mikononi mwake halikuchemsha tena. Wengine walikuwa hodari wa breki, wengine wa gia boksi. Yeye alishika rejeta. Gereji yake ilipakana na banda langu la kuchomelea mageti, ukuta wa mabati tu ukitutenganisha, na kwa miaka yote niliyokaa pale nilisikia karibu kila neno alilowaambia wateja wake.

Wengi wao walikuwa na magari makuukuu ya njia mbaya, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yaliyochoshwa na matope na milima. Mteja alifika boneti linafuka mvuke, ameshakata tamaa, anauliza bei ya injini nyingine. Baridi alimkalisha kwenye benchi na kumpa maji ya kunywa, akimwambia kwamba naye pia amechemka. Kisha alisubiri. Hakuna kilichowaudhi wateja kama kule kusubiri kwake. Hakugusa gari la moto. Alisema kifuniko cha rejeta hufunguliwa na mtu mwenye subira, au na mtu aliyechoka na sura yake.

Injini ikishapoa ndipo alipoanza kutafuta. Hakukubali kwamba gari lina haki ya kuchemsha kwa kuwa limezeeka. Alichungulia kwenye vile vipenyo vyembamba vya rejeta, mle ambamo tope na mbegu za nyasi hujibana mpaka hewa isipite, akavisafisha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kuja mbele, maana ukianzia mbele unalisukuma tope ndani zaidi. Aliibinya mipira ya maji kwa vidole kama mtu anayechagua parachichi sokoni, na uliolegea au kukakamaa aliutoa hata kama haujavuja tone. Alikaza mkanda wa feni. Na alikuwa na ugomvi usiokwisha na mafundi wanaong'oa thamostati na kuitupa, eti gari lipoe. Kile kidude, alisema, kimewekwa pale kuyaachia maji kwa wakati wake, na anayekitupa ni sawa na mtu aliyeng'oa mlango mzima kwa sababu kitasa kimekwama.

Hata mke alimpata kwa njia hiyo hiyo. Mwanamke huyo alikuwa dereva wa kampuni ya mbegu, akashuka mlimani na gari linalotokota, akaingia gerejini moja kwa moja, kitambaa mkononi, tayari kufungua kifuniko. Baridi alikuwa amelala chini ya gari jingine. Aliona viatu vyake tu vikienda mbiombio, akasema kutoka kule chini, "Dada, usifungue." Wakakaa kwenye benchi kungoja. Mkewe alipenda kusimulia kwamba injini ilipoa mapema sana siku ile, ila hakuna aliyenyanyuka kwenda kuiangalia.

Tangu siku hiyo Baridi alimwita Dereva, na hakumwita kwa jina jingine hata mbele ya wakwe. Kampuni ya mbegu ilipofungwa, walinunua jipu kuukuu lenye viti vya pembeni nyuma, lililokuwa limetelekezwa ghalani. Watu walimtania Baridi kwamba ndiye binadamu pekee aliyependa jipu lake na hataki likamuliwe. Alicheka nao, akaendelea kufungua boliti. Msimu mzima ulipita kabla ya jipu kutoka pale likiunguruma vizuri, na mkewe akaanza kupandisha abiria na mizigo kwenye makazi ya juu mlimani, njia ambayo mabasi hayakuthubutu. Ilikuwa njia ya mawe na kona za ghafla, na katikati yake mwinuko mmoja mrefu usiokupa nafasi ya kupumua.

Kila asubuhi, injini ikiwa bado baridi, Baridi alitazama maji. Hakukubali maji ya mtoni, kwa sababu ya chumvi na uchafu. Alitia maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, akabinya mipira, akapapasa chini kutafuta unyevu. Alimfundisha mkewe kupanda kwa gia ndogo, ili injini izunguke vya kutosha na pampu na feni zifanye kazi, na mshale wa joto ukianza kupanda awashe hita ya ndani hata kama jua linachoma, ili joto lipate pa kutokea. Abiria walilalamika kwamba wamegeuzwa mikate. Dereva aliwajibu kwamba anayetaka upepo njia iko wazi, ashuke atembee. Miaka ikapita hivyo. Binti yao wa pekee alikua, akawa mwalimu katika mji mwingine, na jipu halikuwahi kuchemsha hata mara moja.

Lilipochemsha, lilichemshia palepale katikati ya mwinuko. Dereva aliona mshale ukiingia kwenye nyekundu, akalisogeza kando na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Alipofungua boneti aliukuta mkanda wa feni umelegea, na boliti za kuukaza zimeachwa nusu. Mkanda ule mumewe aliubadilisha jana yake. Aliukaza mwenyewe, akangoja, akaongeza maji, akawafikisha watu. Jioni alimuuliza Baridi kilichotokea, na Baridi akamjibu kwa upole kabisa kwamba hajaugusa mkanda wowote. Mkewe alikuwa akijua anavyodanganya, maana mume humjui kwa mazuri yake tu. Alimtazama usoni na kuona kwamba hadanganyi. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.

Baada ya hapo wateja walianza kurudi. Mmoja alikuta thamostati imefungwa kinyume. Mwingine aliondoka na rejeta isiyo na maji, injini yake ikakwama njiani na kufa kabisa. Mtaani wakasema siku hizi Baridi naye anachemsha, wakacheka kwa maana zote mbili. Maneno hayo yalimfikia. Nilimwona siku ile akifagia gereji yote, akaimaliza, akaanza tena upande uleule alikoanzia.

Mkewe alimpeleka hospitali. Daktari alimuuliza maswali mepesi, akampa maneno machache ya kukumbuka, na baadaye alipomwomba ayarudie, Baridi alimwomba radhi kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyeji wake. Wakaambiwa kwamba ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwamba dawa zingeupunguza kasi lakini hazingeurudisha nyuma. Njiani wakirudi, Baridi alimuuliza mkewe daktari amesema nini, kwa kuwa tayari kilikuwa kimemtoka. Mkewe hakumficha. Walipokaribia nyumbani, Baridi akasema, "Basi itabidi wewe ujue kila kitu."

Akaanza kumfundisha upya, kutoka mwanzo. Kila alasiri walikuwa kwenye jipu, boneti juu, vichwa viwili vimeinamia ndani. Mara nyingine somo la saa hiyo lilikuwa limeshafundishwa muda mfupi uliopita. Mkewe aliuliza maswali yaleyale kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, akakosea kwa makusudi pale alipokosea mwanzo, ili mumewe apate cha kusahihisha.

Binti yao alikuja likizo, akaona hali, akamsihi mama yake afunge gereji na kumwondolea baba zana. Mama alikubali nusu. Wateja waliagwa, lakini jipu liliachwa mikononi mwa Baridi, kwa sababu, alivyomwambia binti yake, akinyang'anywa na hilo hatakuwa na cha kumwamsha asubuhi. Kwa hiyo Baridi aliendelea kulikagua jipu kila kunapokucha. Alipoingia ndani kunawa mikono, mkewe alitoka na spana na kuipitia kazi yote: alikaza kilicholegezwa, alirudisha kilichosahauliwa juu ya betri. Siku moja aligeuka akanikuta namtazama kupitia upenyo wa mabati. Aliweka kidole mdomoni. Baridi aliporudi alifunga boneti kwa kishindo cha mtu aliyeridhika, akamwambia jipu liko tayari, aende salama. Mkewe alimshukuru, akapanda, akaondoka.

Niliyoyaona baadaye natamani ningeyasikia tu kwa watu. Dereva alirudi mchana na injini ya moto sana, maana njiani alilivuta lori lililokwama topeni. Aliliacha jipu likiwa limezimwa, akaenda nyuma kumsaidia mama mmoja kushusha gunia lake. Baridi akatokea ndani ya nyumba, kitambaa begani, anatembea polepole na kwa utulivu, na kwa mwendo ule nadhani aliamini kwamba ni asubuhi. Aliinua boneti. Nilipiga kelele kutoka bandani kwangu. Mkewe aligeuka. Baridi alikuwa ameshakibonyeza kifuniko na kukizungusha.

Maji yalimrukia mikono, kifua na upande mmoja wa uso. Hakulia. Alisimama tu pale, mikono ameinyoosha mbele, ananitazama kama anayeniuliza. Tulimmwagia maji ya bomba mfululizo, kisha mwenye gari dogo aliyekuwa akipita akatuchukua mpaka hospitali. Mkewe alimshika kiuno njia nzima kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumshika.

Siku iliyofuata niliwapelekea chai. Baridi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mikono imefungwa bandeji mpaka juu ya viwiko, shavu linang'aa kwa dawa. Alimuuliza mkewe yuko wapi na amefanya nini. Mkewe alimweleza kwamba aliunguzwa na maji ya moto. Akauliza maji ya wapi. Ya rejeta, mkewe akasema. Nilimwona Baridi akikunja uso, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa yeye mwenyewe, yule fundi niliyemjua.

"Nani alifungua kifuniko na injini ya moto?"

Mkewe alinitupia jicho mara moja tu.

"Mimi," akasema.

Nilitegemea angemfokea. Maisha yake yote hakuna kilichomkasirisha kama kosa hilo, na niliwahi kumsikia akimfukuza mteja gerejini kwa kujaribu tu. Lakini Baridi alijisukuma kutoka kwenye mito, akaichukua mikono ya mkewe katikati ya bandeji zake, akaigeuza huku na huku.

"Umeungua wapi, Dereva?"

"Sijaungua."

"Usinifiche. Nionyeshe."

Aliikagua mikono ile kidole kwa kidole, viganja na migongo yake, mpaka alipochoka na kulala. Muuguzi aliyekuwa akihudumia kitanda cha jirani aliacha kazi yake, akatoka nje.

Majeraha yalipona, lakini mtu aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyeondoka. Hakumtambua tena mkewe. Alimkubali kama mtu mwema aliyekuwepo nyumbani humo, akamwamkia kwa heshima, na alasiri ikifika alimwomba radhi kwa usumbufu, akamuuliza kama anaweza kumpeleka kwake, maana mke wake atakuwa anamsubiri. Mwanzoni mkewe alimwambia, hapa ndipo kwako, na mke wako ni mimi. Baridi alitishika sana, akatazama mlango kama mtu aliyetegwa. Baada ya kumwona hivyo mara mbili tatu, mkewe hakuyarudia maneno hayo.

Badala yake alichukua ufunguo, akampandisha kwenye jipu, na kumzungusha mpaka barabara ya lami na kurudi. Baridi alikaa kiti cha mbele, makovu ya mikono juu ya magoti, macho kwenye mshale wa joto. Wakifika tena kwenye geti lao lilelile, mkewe alimwambia wamefika. Siku nyingine Baridi alishuka, akamshukuru, akaingia ndani, na mkewe alipoingia nyuma yake akamgeukia kwa furaha na kumwambia kwamba ameletwa na dereva mmoja, mwanamke, anaendesha vizuri kweli, na jipu lake limetunzwa.

Katika safari moja kama hizo ndipo Baridi alipomwambia mkewe jambo ambalo hakuwahi kulitamka. Aliniambia mkewe mwenyewe, amesimama mlangoni mwa banda langu, na nilizima mashine ili nimsikie. Baridi alikuwa akimweleza yule mwanamke asiyemfahamu mambo ya mipira na mikanda. Mkewe akamuuliza, kwa ajili tu ya kuendeleza mazungumzo, kwa nini anahangaika hivyo na jipu moja bovu.

"Mke wangu anapanda nalo mlimani peke yake," Baridi akasema. "Akiondoka mimi siwezi kula. Nakaa tu mpaka niusikie mlio wa jipu. Yeye hajui. Ukimwambia mtu kitu kama hicho ataogopa kuondoka."

Mkewe alisimamisha jipu kando ya barabara. Baridi alimuuliza kama limechemsha. Akamjibu kwamba hapana, anapumzika kidogo.

Miaka yote ile alikuwa akirudi jioni, akimkuta mumewe ana njaa, na alidhani ni mtu asiyeweza kujipakulia.

Safari za mlimani mkewe aliziacha. Baridi alidhoofu, akashindwa kupanda jipu, kisha akashindwa kutoka kitandani, na kila alipoletewa chakula alikikataa kwa adabu, akisema bado anamsubiri mtu. Mkewe alikaa naye, akambembeleza, kijiko mkononi, na mdomo haukufunguka. Mwishowe aliweka sahani chini, akatoka uani, akawasha jipu. Aliliacha liungurume, akalizima, akaingia akichezesha funguo kwa sauti, akasema amerudi. Baridi akatabasamu, akala. Tangu hapo ikawa hivyo kila mlo. Majirani wageni walishangaa kuona mwanamke mzima anawasha gari lisilokwenda popote, na sisi tuliojua hatukuwaeleza.

Mvua zilipoanza alipata homa ya mapafu, akalazwa, na daktari alimwambia mkewe amrudishe nyumbani apumzike. Binti yao alikuja. Siku ya mwisho Baridi alikuwa akihangaika tangu asubuhi, anauliza kama mke wake amerudi, amerudi, na mkewe alikuwa amemshika mkono akimwambia yupo, yupo hapa. Haikusaidia kitu. Alitaka kusikia mlio, na mkewe hakuthubutu kumwachia mkono hata kwa muda mfupi wa kutoka uani. Alimtazama binti yake. Binti alielewa, akachukua funguo.

Nilikuwa nimeketi barazani kwao nilipomwona akipanda. Jipu halikuwa limewashwa siku kadhaa, likasumbua, likakohoa, kisha likashika. Ndani Baridi akatulia.

"Ndiye huyo," akasema. "Amerudi."

Mkewe alisema kwamba hakumtazama yeye. Alitazama mlangoni, akingoja mke wake aingie, na macho yalibaki kule. Binti aliendelea kuliungurumisha jipu uani kwa muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutoka kumwambia azime.

Matanga yalipokwisha binti alitaka mama ahamie kwake. Mama alikataa, akarudi mlimani na jipu. Abiria wake walifurahi, ingawa walimwona amekuwa mkimya. Siku moja, kwenye ule mwinuko, mpira wa chini wa rejeta ulipasuka na maji yote yakamwagika barabarani. Alizima, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akawaambia abiria kwamba mpira mpya anao na maji yapo, ila itabidi wangoje injini ipoe. Akarudi kwenye kiti chake. Walipochungulia walimkuta analia, kichwa juu ya usukani, analia kwa sauti kama mtu aliyepokea habari saa ileile.

Hawakujua la kufanya. Mzee mmoja, mfugaji wa kule juu, alisogea mpaka dirishani, akamwambia asijisumbue, mama, ni mpira tu, kila gari hupasua mpira.

Alimjibu kwamba ni kweli, ni mpira tu. Akaendelea kulia, nao wakakaa juu ya mawe wakimngoja, hakuna aliyelalamika. Injini ilipoweza kushikika kwa mkono alijifuta uso, akashuka, akachukua spana na kuingia chini ya jipu.